Muziki wa klasiki wa India: unasikilizwaje, na msafiri aanzie wapi kujifunza

Ukimtajia mtu wa Dar es Salaam au Mombasa muziki wa Kihindi, kichwani kwake zinalia nyimbo za filamu. Sasa mfikirie huyo huyo amefika Pune kusoma, au Chennai kumsindikiza mgonjwa, na jirani mwema amemwalika kwenye onyesho la muziki wa klasiki. Anavua viatu, anaketi kwenye busati, na mbele yake mzee aliyefumba macho anavuta silabi moja kwa nusu saa. Ngoma zipo, lakini mpigaji wake amekunja mikono. Kibwagizo hakuna. Mgeni anangoja wimbo uanze, na kabla haujaanza ameshaamua moja kati ya mawili: ama hawa bado wanapasha koo, ama hii ni ibada ya watu na yeye haimhusu.

Amekosea kotekote, na kosa lenyewe ni la kusikilizia pasipo. Katika muziki huu wimbo ni sehemu ndogo. Msikilizaji mzoefu anafuatilia vitu viwili: noti moja isiyohama, na pigo moja linalorudi. Vishike hivyo viwili kwanza. Mengine yote, hata yale yenye majina marefu, yamejengwa juu yake.

Noti isiyohama

Noti za India ni saba kwa majina: Sa, Re, Ga, Ma, Pa, Dha, Ni. Ukipanda hadi Sa ya juu unakuta vituo 12 kwa jumla, kwa sababu Re, Ga, Dha na Ni kila moja ina sura ya kawaida na ya kushushwa, iitwayo komal, na Ma ina ya kawaida na ya kupandishwa, iitwayo tivra. Sa na Pa hazina sura ya pili. Hizo ndizo nguzo.

Tofauti na kinanda, Sa haina mahali pake pa kudumu. Kila mwimbaji anaiweka panapofaa koo lake: wanaume wengi kati ya C na D, wanawake wengi kati ya G na A. Ikishawekwa haiguswi tena mpaka onyesho liishe. Fikiria fundi mwashi anavyovuta uzi kabla ya kupanga tofali la kwanza. Uzi si ukuta, lakini kila tofali linahukumiwa kwa uzi ule.

Uzi wa mwanamuziki wa India ni tanpura, ala ndefu anayopiga mtu aliyeketi nyuma ya mwimbaji. Kwa kawaida ina nyuzi nne: wa kwanza Pa, mbili za kati Sa, wa mwisho Sa ya chini. Zinadonolewa moja moja, taratibu, bila kukoma. Chini ya kila uzi, juu ya kidaraja, kuna kipande cha uzi wa pamba kinachosogezwa kidogo kidogo mpaka sauti ianze kuvuma kama nyuki ndani ya mtungi. Raga, yaani sura ya noti inayoimbwa wakati huo (maelezo yake yanafuata), ikiwa haina Pa, kama ile iitwayo Malkauns, uzi wa kwanza hutuniwa kwenye Ma. Dakika tano za mwanzo usimsikilize mwimbaji. Sikiliza tanpura, uiimbe Sa yake kimoyomoyo. Hapo utaanza kusikia kwamba yule mzee hakuwa akivuta silabi ovyo: alikuwa anaondoka nyumbani hatua moja, anarudi, anaondoka hatua mbili, anarudi.

Raga, au kwa nini chapati si manda

Maelezo mengi husema raga ni mpangilio wa noti. Ni kweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayopotosha watu. Unga wa ngano, maji, chumvi na mafuta ni chapati. Vitu hivyo hivyo ni manda za sambusa. Kinachozitenganisha ni mkono.

Chukua raga mbili za kaskazini, Bhupali na Deshkar. Zote zina noti tano zile zile: Sa, Re, Ga, Pa, Dha. Bhupali inaegemea Ga, inatembea zaidi nusu ya chini, na ni raga ya jioni mapema. Deshkar inaegemea Dha, inacheza nusu ya juu, na ni ya asubuhi. Anayeimba Bhupali akikaa kwenye Dha kupita kiasi, wasikilizaji wenye masikio wataguna, maana amevuka mpaka bila kubadilisha noti hata moja. Raga basi ni noti zake, na njia ya kupanda na ya kushuka, na noti ya kuegemea, na vifungu vinavyoitambulisha kama mwendo wa mtu unavyomtambulisha kwa mbali.

Wapiga taarab watalielewa hili haraka, kwa kuwa maqamu nayo ni zaidi ya ngazi ya noti. Raga Bhairav ya alfajiri, yenye Re na Dha za kushushwa, itawakumbusha Hijazkar, ingawa namna ya kuzitikisa noti hizo si moja.

Habari ya saa si ushirikina wa kupuuzwa, wala si sheria ya kuogofya. Kaskazini inafuatwa sana: Bhairav alfajiri, Yaman jioni taa zikiwashwa, Malkauns usiku mkubwa, raga za jamii ya Malhar msimu wa mvua. Kusini haishikiliwi hivyo jukwaani. Kwa msafiri maana yake ni kwamba akihudhuria maonyesho ya jioni peke yake, raga za asubuhi atazisikia kwa nadra mno. Kanuni za kelele za mwaka 2000 zinazuia vipaza sauti nje kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na tamasha la Sawai Gandharva Bhimsen la Pune, lililozoeleka kukesha, likalazimika kubana ratiba yake. Raga za usiku wa manane zimebaki kutafutwa kwenye kumbi za ndani na mahekaluni.

Kisha kuna mtego wa majina. Muziki wa klasiki una matawi mawili: Hindustani, wa India kaskazini, Pakistan na Bangladesh, na Karnatiki, wa Tamil Nadu, Karnataka, Kerala, Andhra Pradesh na Telangana. Matawi haya yanaazimana majina bila kuazimana vitu. Todi ya kusini haifanani na Todi ya kaskazini. Ngazi yake ni ya Bhairavi ya kaskazini. Hindolam ya kusini ndiyo Malkauns, na Hindol ya kaskazini ni raga nyingine kabisa. Ukinunua rekodi kwa jina tu utajikuta na kitu usichokitaka.

Pigo linalorudi

Tala ni mzunguko wa mapigo, na pigo la kwanza la mzunguko huitwa sam. Mzunguko wa kuushika kwanza ni tintal, wa mapigo 16, ambao ndio utakaousikia zaidi kaskazini. Wapiga tabla huutamka kwa mdomo kabla ya kuupiga:

Dha dhin dhin dha
dha dhin dhin dha
dha tin tin ta
ta dhin dhin dha

Piga kofi kwenye pigo la 1, la 5 na la 13. Kwenye la 9 usipige. Geuza kiganja juu, hewani. Hapo panaitwa khali, yaani patupu. Sasa sikiliza ngoma zenyewe. Tabla ni mbili: ya kulia ya mti, yenye sauti ya juu, na ya kushoto ya metali, yenye besi. Silabi dha na dhin zinatumia zote mbili. Tin na ta ni ya kulia peke yake. Kwa hiyo kuanzia pigo la 10 hadi la 13 besi inapotea, na pigo la 14 inarudi. Kurudi kwa besi ndiyo honi: sam imebakiza mapigo matatu. Ukilijua hili hutapotea tena ndani ya tintal, hata kasi ikipanda.

Umewahi kuona ukumbi mzima ukishtuka na kutikisa vichwa kwa pamoja? Mara nyingi ni tihai: kifungu kimoja kinarudiwa mara tatu, kimepimwa ili neno lake la mwisho liangukie sam. Hesabu yake si uchawi. Kifungu cha mapigo matano, tuseme tite kata gadi gina DHA, mara tatu ni mapigo 15. Ukianza pigo la 3, DHA ya kwanza inaanguka la 7, ya pili la 12, ya tatu sam. Jaribu mezani kwa mkono. Ukianza pigo moja mapema utafika kabla ya wakati, na aibu hiyo husikika mpaka safu ya nyuma.

Katika kusini mzunguko wa kila siku ni adi tala, wa hesabu nane: kofi, kidole cha mwisho, cha pete, cha kati, kofi, geuza, kofi, geuza. Utaona bibi aliyeketi karibu nawe anauhesabu pajani kwa muda wa saa mbili unusu bila kukosea. Mfuate yeye.

Tahadhari moja. Nyimbo za polepole sana za kaskazini, zile za mwanzo wa khayal, mtindo mkuu wa uimbaji wa huko, hutumia mizunguko iliyovutwa mno. Mmoja wa mapigo 12 unaweza kukaribia dakika nzima. Hapo usijitese kuhesabu. Ngoja sehemu ya kasi.

Onyesho linavyokwenda, na yanayosemwa bila ukweli

Hindustani huanza na alap: raga inafunuliwa noti baada ya noti bila ngoma na bila mzunguko. Hiyo ndiyo nusu saa iliyomchosha mgeni wetu. Baadaye tabla inaingia na wimbo mfupi, pengine mistari miwili tu, ambao ni kigingi cha kufungia ubunifu. Kisha kasi inapanda. Raga moja inaweza kuchukua saa nzima. Karnatiki inatoa vipande vingi zaidi kwa onyesho moja: varnam ya kuchangamsha, nyimbo ziitwazo kriti, kipande kikuu chenye nafasi ya mridangam, ngoma ya kusini, kupiga peke yake, halafu vipande vyepesi na mangalam ya kufunga. Usiondoke baada ya nusu saa ya kwanza, maana kipande kikuu bado. Na usiwaige wanaochomoka kwenda kantini ngoma zinapopewa zamu yao. Wapo, na ni utovu wa adabu tu.

Husemwa kwamba wanabuni kila kitu papo hapo. Kaskazini sehemu kubwa hubuniwa kweli, ndani ya mipaka ya raga. Kusini uti wa mgongo ni tungo zilizohifadhiwa, hasa za Tyagaraja, Dikshitar na Syama Sastri, waliofanya kazi kati ya karne ya 18 na ya 19, na ubunifu hupachikwa ndani yake.

Husemwa pia kwamba ni muziki wa Wahindu peke yao. Maneno mengi ni ya dini ya Kihindu, hilo halina ubishi. Lakini Bismillah Khan, Mwislamu aliyeipandisha zumari ya shehnai kutoka harusini hadi jukwaa kuu, alipiga miaka mingi hekaluni Varanasi. Alauddin Khan, mwalimu wa mpiga sitar mashuhuri Ravi Shankar, alikuwa Mwislamu. Na ukoo wa Dagar, ulioshika dhrupad, mtindo mkongwe kuliko khayal, ni wa Kiislamu. Mwalimu atakayekufundisha anaweza kuwa Ustad, cheo cha bingwa Mwislamu, au Pandit, cha Mhindu, na muziki ukawa ule ule.

Harmonia nayo wengi huidhania ni ala ya kale ya India. Ilitoka Ulaya. Redio ya taifa ya India iliipiga marufuku kuanzia 1940 hadi 1971, kwa sababu vibonye vyake haviwezi kuteleza kati ya noti na noti, na kuteleza ndiko roho ya raga.

La mwisho ni la kupiga makofi. Huko New York, tarehe 1 Agosti 1971, hadhira ya tamasha la kuichangia Bangladesh ilishangilia wakati Ravi Shankar na wenzake wakituni, naye akawajibu kwa upole kwamba kama kutuni kumewapendeza hivyo, basi muziki wenyewe utawafurahisha zaidi. Kutuni huchukua muda kweli: sitar ina nyuzi sita au saba za kupigwa, na chini yake nyingine kumi na kitu zisizoguswa, zinazoitika zenyewe. Hizo huitwa tarab, neno ambalo sikio la Mswahili halitalipita kimya. Makofi yanaruhusiwa katikati ya kipande. Wenyeji husema "wah" au "kya baat hai" jambo likiwagusa. Usinyooshe nyayo kuelekea jukwaani, wala usiruke ala iliyolala chini; zunguka.

Wakati na mahali

Ukiweza kuchagua, nenda Desemba na Januari. Chennai huwa na msimu wa Margazhi, kuanzia katikati ya Desemba hadi katikati ya Januari, ambapo vyama vya muziki viitwavyo sabha huandaa maonyesho tangu asubuhi mpaka usiku. Music Academy, iliyoanza baada ya mkutano wa muziki wa mwaka 1927, ndiyo yenye jina kubwa, na tiketi zake za jioni ni za kugombea. Vipindi vya mchana vya wasanii chipukizi mara nyingi ni vya bure, na ndiko msikilizaji mgeni anakojifunzia vizuri, kwani ukumbi hauna msongamano na chipukizi hafichi mzunguko. Kaskazini, Pune hufanya Sawai Gandharva mwezi Desemba, tangu 1953. Saptak ya Ahmedabad huanza Januari mosi. Dover Lane ya Kolkata ni mwishoni mwa Januari. Varanasi kuna tamasha la hekalu la Sankat Mochan, Aprili, bure, linalokesha. Kuna joto hapo, lakini raga za alfajiri utazisikia kwa saa zake.

Kujifunza kwa wiki nne

Wengi hukosea hatua ya kwanza: wananunua sitar. Sitar inakula mwezi wa kwanza wote kwa kukaa, kushika na vidole kuuma, na muziki haujaanza. Anza na koo. Hata wapiga ala hufundishwa kwa kuimbiwa.

Kwanza tafuta Sa yako kwa programu ya tanpura kwenye simu: shuka mpaka noti ya chini kabisa unayoitoa bila kukwaruza, kisha panda noti nne au tano, hapo au jirani yake ndipo. Kila asubuhi, kabla ya chai, shika Sa kwa pumzi ndefu dakika 15. Sauti yako ikilingana na tanpura utasikia kana kwamba imemezwa. Ikiachana kidogo, utasikia mtetemo unaopigapiga. Mtetemo huo ni mwalimu wa bure.

Baada ya hapo, mazoezi ya ngazi: Sa Re Ga, Re Ga Ma, Ga Ma Pa, kupanda na kushuka, huku mkono ukipiga tintal. Kaskazini wanaoanza hupewa mara nyingi Yaman au Bhupali. Kusini huanza na Mayamalavagowla, ambayo noti zake ni za Bhairav, kwa mazoezi yanayohesabiwa kuwa ya Purandara Dasa. Raga moja, tala moja, wimbo mmoja: huo ni mzigo tosha wa mwezi mmoja, kwa somo la saa moja na mazoezi ya saa mbili kila siku. Anayerudi na raga kumi amerudi na ngazi kumi za noti.

Yanayoharibika ni yale yale kila mara. Mwanafunzi anarekodi somo zima halafu hafanyi mazoezi, kwa kuwa "lipo kwenye simu". Anabadilisha mwalimu wiki ya pili, kumbe kila nyumba ya muziki ina mkono wake, na wa pili anaanza kwa kubomoa wa kwanza. Au anajifunza noti kwa kinanda cha simu, kisha anashangaa mwalimu anamkataza kutua kwenye noti kama anayepigilia misumari.

Ada ielewane siku ya kwanza, pamoja na idadi ya masomo. Kuona haya hapo huleta kinyongo baadaye. Mpe kwa mkono wa kulia, ndani ya bahasha. Mwite Guruji au Ustadji, si kwa jina lake. Wanafunzi wenyeji watagusa miguu yake. Mgeni ambaye imani yake haimruhusu aweke mkono kifuani na kuinama kidogo. Kuhusu viza, ya utalii huruhusu kozi fupi zisizo rasmi. Masomo ya chuoni ya muda mrefu yanahitaji viza ya mwanafunzi, na ubalozi ndio wa kuulizwa kabla ya kulipa ada. Serikali ya India, kupitia shirika lake la ICCR, hutoa ufadhili wa masomo ya muziki na ngoma kwa wageni.

Ukishindwa kabisa kurudi bila ala, usinunue kwenye duka la mapambo la watalii. Sitar zile zina vigingi vinavyoteleza na kidaraja kisichochongwa, hazishiki tuni hata dakika kumi. Mji wa Miraj, kusini mwa Maharashtra, umejaa mafundi wa sitar na tanpura. Nenda na mwalimu wako akuchagulie. Kabla ya ndege, legeza nyuzi zote na utumie kasha gumu, maana kibuyu cha sitar kikipasuka hakiungiki kirudi sauti yake. Tabla ni msafiri mzuri zaidi. Lakini ukiifikisha Tanga au Lamu, unyevu wa pwani utalegeza ngozi na sauti itashuka, na doa jeusi la katikati litaanza kubanduka ukilipigia mkono wa jasho. Ifunike kila ukimaliza kupiga, tia poda kidogo mkononi, na nyundo yake ndogo ya kutunia isikae mbali. Ikilegea, gonga ukingo kuelekea chini, pande zote, kidogo kidogo. Usiianike juani: ngozi itakazika haraka kwa siku moja na kupasuka siku ya pili.